Kwa nini muganga anachukua damu mara ya pili?

Wakati wa Covid-19 tulisikia swali hili katika familia nyingi: “Mgonjwa wetu amekwisha kupimwa, virusi vimeonekana. Kwa nini wanarudi kumchukua damu tena?” Wengine waliogopa, wakaondoka na mgonjwa wao. Tueleze jambo hili, kwa maana linaweza kuokoa maisha.

Kipimo cha puani kinaonyesha kama virusi vipo. Hakionyeshi kama ugonjwa utakuwa mkali. Wengi wanapona nyumbani, lakini kwa wengine hali inaharibika karibu na juma la pili: mwili unapigana na virusi kwa nguvu hata unaumiza mapafu yake wenyewe. Vita hiyo inaacha alama katika damu.

Alama moja ni CRP, protini ambayo ini linatoa kwa wingi mwili unapowaka ndani. Nyingine ni limfositi, askari wa damu, ambazo hupungua. Ya tatu ni D-dimeri, vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha damu iliyoganda. Mwanzoni mwa 2020, waganga wa Wuhan, China, waliona kwamba waliozidiwa mara nyingi walikuwa na limfositi chache na D-dimeri nyingi.

Lakini alama si hukumu. Malaria pia inapandisha CRP, na mimba inapandisha D-dimeri. Ndiyo maana muganga anarudia kupima: anataka kujua kama hesabu inapanda au inashuka, na anailinganisha na namna mgonjwa anavyopumua.

Kujua ukali kunasaidia kuchagua dawa. Mwezi wa sita 2020, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba deksametazoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji, haikuonyesha faida. Basi tusiinunue wenyewe sokoni.

Vituo vyetu vingi vya afya havina vipimo hivi vyote. Hata hivyo, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole, kikionyesha oksijeni chini ya 90, kinatosha kusema kuna hatari. Na hata pasipo kifaa, mtu akihema kwa shida, akichanganyikiwa, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, tusingoje kesho. Tumwombee tukiwa njiani kumpeleka hospitali.