Sanduku Lisifungiwe Kabatini

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu masomo yanayomtenga mtoto na kazi za wazazi wake. Twaikumbuka lawama hiyo tunapotazama masanduku ya vifaa vya sayansi na sanaa kwa shule za msingi. Kenya iliunda shirika lake la vifaa vya shule, SEPU, mwaka 1976. Ni jambo jema. Lakini sanduku likifungiwa kabatini kwa kuogopa kuvunjika, mtoto hubaki kunakili picha ya balbu asiyopata kuiwasha.

Wafanyakazi wa Kihonda, vifaa mnavyo. Chupa ya plastiki ikatwe kitako, igeuzwe, mdomoni iwekwe pamba, kisha mkaa uliopondwa, mchanga na changarawe. Maji yenye tope ya Ngerengere yatatoka maangavu. Hapo ndipo lilipo somo: je, yafaa kunywewa? La, mpaka yachemshwe, kwani vijidudu havionekani kwa macho. Kwa sanaa, upo udongo wa mfinyanzi, na vipande vya ulanga, uliochimbwa Uluguru tangu enzi za Wadachi, vyapendeza pichani kuliko rangi za dukani.

Ndugu wa viwandani, mabaki ya mbao, waya na bati yasitupwe kabla mwalimu hajayaona. Ila makali yasuguliwe kwanza.