KOMPYUTA YA KARANI WETU: TULIYOYAONA MIRONGO

Wanachama watakumbuka khabari ya daftari la pishi lililoroa mvua msimu uliopita. Bibi mmoja mchumaji alidai malipo ya siku nne, na karani hakuwa na cha kumwonyesha ila kurasa zilizogandana na wino uliotawanyika. Hatukuweza kumkatalia, wala hatukuweza kumkubalia kwa hesabu. Tulimlipa nusu kwa kukisia, naye akapokea kwa shingo upande. Jambo lile lilitutia haya sote. Ndipo kamati ilipoamua kwamba chama kipate kompyuta ya mkononi, hiyo ambayo madukani huitwa laptopu, kwa fedha isiyozidi shilingi laki saba.

Sisi wawili tunaoandika haya tulikuwa na safari ya Mwanza kwa arusi ya jamaa zetu, Wapemba wenye maduka huko. Kamati ikatuambia: maadamu mnakwenda, tazameni, na mkiona cha kufaa nunueni. Basi arusi ilipokwisha tuliteremka Mirongo, kata ya katikati ya mji yenye jina moja na mto unaopita humo ukaingia Ziwa Victoria. Mwenyeji wetu alitupeleka kwa kijana anayeuza kompyuta mpya na za mtumba.

“Shikamooni wazee, karibuni.”

“Marahaba, mwanetu. Twatafuta kompyuta ya kazi, si ya mapambo.”

Kijana akacheka, akatuwekea mezani kompyuta tatu. Yafaa wanachama wazijue zote tatu, kwani ndizo zitakazowakabili popote watakapokwenda kununua.

Ya kwanza ilikuwa mpya, imo katika boksi lake, inang'aa, kwa shilingi laki sita. Kwa macho ndiyo iliyotupendeza zaidi. Lakini tulipouliza ya ndani tuliambiwa prosesa yake ni Celeron, ramu GB 4, na ghala lake la kuwekea mambo ni GB 64 tu. Windows 11 yenyewe hutaka ghala lisilopungua GB 64, kwa hiyo mgeni akishaingia mwenye nyumba hana pa kulala. Na ramu ile imegandishwa kwenye bodi, haiongezeki. Tulifungua orodha ya wachumaji tuliyokuja nayo katika flashi, pamoja na barua moja na ukurasa mmoja wa mtandao, nayo ikaanza kusitasita. Kitu kipya chaweza kuwa dhaifu tangu siku ya kuzaliwa.

Ya pili ilikuwa HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, toleo la mwaka 2016, kwa laki nne na ishirini. Mwili wake imara, kibodi yake nzuri, na bei yake ilitutia tamaa. Ila prosesa yake ni Core i5-6300U. Hapa mwanachama ajifunze kusoma: tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndiyo kizazi chake. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hutaka kizazi cha nane au cha baadaye. Anayejua kutumia Linux, ambayo ni ya bure, aweza kuifaidi kompyuta hiyo kwa miaka mingine. Karani wetu hajui, na hatukuona haki kumbebesha masomo mawili kwa pamoja.

Ya tatu ilikuwa ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, mtumba pia, kwa laki sita na nusu. Pembe moja imechubuka na herufi mbili zimeanza kufutika. Lakini prosesa yake ni Core i5-8250U, kizazi cha nane, yenye viini vinne ambapo ile ya pili ina viwili. Ramu GB 8, nayo yaweza kuongezwa. Diski yake ni SSD ya GB 256. Orodha ile ile ilifunguka mara moja.

Sisi tuliolelewa na karafuu twajua kwamba hapana anayenunua gunia kwa kutazama mdomo wake. Hutia mkono chini, akatafuta makonyo na mpeta, akavunja punje asikie kama imekauka. Nasi tulifanya vivyo hivyo, na kijana hakukasirika. Tulibonyeza kila herufi. Tulichomeka flashi katika kila tundu. Tulifungua ukurasa mweupe tukatafuta madoa kwenye kioo, tukaitoa nje barazani kuona kama yasomeka juani. Yasomeka kivulini, juani ni taabu. Tuliizima tukaiwasha tena ili kuhakikisha haikufungwa kwa neno la siri la kampuni iliyoimiliki kwanza, kwani nyingi za mtumba zimetoka maofisini, na kufuli la namna hiyo ni shida kulifungua.

Jambo tulilolitazama sana ni betri. Sisi wa Pemba twapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, lakini hatujasahau yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja, waliokaa gizani miezi mitatu tangu Desemba 2009 baada ya umeme wao kutoka bara kukatika. Na jamvini shambani hapana tundu la umeme. Ndani ya Windows ipo amri iitwayo powercfg /batteryreport; ukiiandika, kompyuta hutoa taarifa ya nguvu betri iliyozaliwa nayo na nguvu iliyobaki. T480 ina betri mbili. Ya ndani ilikuwa na Wh 19 katika 24, na ya nje, inayochomolewa bila bisibisi, ilikuwa na Wh 13 katika 24. Kwa jumla ni theluthi mbili. Tuliiacha ikifanya kazi tangu saa nane mchana. Ilizimika saa kumi na moja na nusu.

Tukamwonyesha kijana taarifa hiyo. Akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Wazee, hapo mmenishinda. Toeni laki sita.” Tulimwomba risiti yenye namba ya mashine na ahadi ya mwezi mmoja kwa maandishi, akaandika.

Hesabu ya fedha za chama ni hii. Kompyuta shilingi 600,000. Mfuko usioingia maji 35,000. Flashi mbili 24,000. Jumla 659,000, zilizobaki 41,000 tumezirudisha kwa mweka hazina pamoja na risiti zote.

Aibu zake tumezitaja ili asije mtu akasema tulizificha. Kioo hakiwezi jua, betri ya nje itataka kubadilishwa, na mwezi wa ahadi ukipita mwenye mzigo ni sisi wenyewe. Lakini kwa daftari la pishi, barua za chama na jarida hili, twaona chombo hiki chatosha.

Lililobaki ni letu sote. Kompyuta huandika inachoambiwa, kikiwa kweli au kikiwa uwongo. Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano kwamba kila jioni ya msimu mchumaji aonyeshwe pishi zake kwenye kioo kabla hajaondoka. Nakala iingie katika flashi mbili, moja kwa karani na moja kwa mwenyekiti. Na kila Ijumaa orodha ichapwe kwenye karatasi na kubandikwa ofisini.

Yule bibi wa msimu uliopita tumemwomba aje mkutanoni. Tungependa yeye awe wa kwanza kuonyeshwa jina lake, na mkutano uamue juu ya nusu yake iliyobaki.