Fahamu: Kwa nini kidumu cha petroli hakipandi SGR

Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, petroli ni marufuku behewani. Wapo wanaonung'unika: lita moja tu, tena kidumu kimefungwa! Lakini kinachowaka kwanza si mafuta yenyewe bali mvuke wake, ambao hutoka hata kwenye baridi ya milima ya Uluguru na, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, lililipuka na kuua watu zaidi ya 100, nao walikuwa mahali pa wazi. Behewa la SGR limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, hivyo mvuke hauna pa kutokea. Mkulima wa Mgeta mwenye pampu ya petroli atajaza kidumu chake akishashuka, vituo vya mafuta Morogoro si haba.