KICHWA KIZITO SI UVIVU



Hapa Mutanga Nord mageti mengi yana zamu wake. Saa kumi na mbili asubuhi, wengine wanapoamka, yeye ndiyo kwanza anakwenda kulala. Ukimsalimu anakutazama kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta jina lako na halioni. Hajalewa. Kichwa chake kimechoka.

Malalamiko ya namna hiyo tunayasikia kwa mazamu, kwa watu wa viwandani, na kwa wavunaji wa chai pia. Mtu anahesabu anasahau. Kapita anamweleza kazi, anasikia maneno lakini hayaingii. Kapita anasema ni uvivu. Majirani wanasema amerogwa. Majibu hayo mawili yanafanana kwa jambo moja: hakuna anayelazimika kutafuta sababu. Na sababu zipo, na nyingi zina dawa.

Tuanze na usingizi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Katika nchi nyingi dereva mwenye kiasi hicho haruhusiwi kushika usukani. Aliyekesha saa 24 anakaribia gramu nzima.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Umeamka saa kumi alfajiri ili utembee kwa miguu kutoka Kinama. Umemaliza kazi yako, lakini mwenzako wa ekipe ya jioni hakuja, ukaombwa uendelee. Ikifika saa tatu usiku, saa 17 zimetimia nawe bado uko mbele ya mashine. Tajiri akikuta mtu amekunywa bia kazini anamfukuza. Huyu aliyekesha anaambiwa asante, ongeza bidii.

Na kulala mchana si sawa na kulala usiku. Mwili una saa yake inayofuata mwanga wa jua, tena nani analala vizuri chini ya mabati ya Bujumbura saa sita mchana, watoto wakicheza mlangoni? Basi mpango wa ekipe ni jambo la chama, si la mtu mmoja. Ekipe zikibadilishwa kwa kwenda mbele, asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, mwili hufuata kwa urahisi kuliko zikirudishwa nyuma. Usingizi wa dakika 20 katika mapumziko ya usiku husaidia sana, na gharama yake kwa tajiri ni mkeka. Pombe haifai kuwa dawa ya usingizi: inakulaza upesi, halafu inakuamsha katikati. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunabishana.

Sasa nataja jambo linaloua. Usiku wa mvua zamu huingiza imbabura kibandani na kufunga mlango. Makaa yaliyoshika vizuri, hata yasipotoa moshi, hutoa hewa yenye sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hukalia nafasi ya oksijeni, na ubongo unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Kichwa kinauma, mawazo yanapotea, kichefuchefu kinakuja, kisha usingizi ambao wengine hawaamki. Ukiona kichwa kinauma ndani na kinapata nafuu ukitoka nje, usitafute mchawi. Imbabura ikae nje, na mwenye nyumba ampe zamu koti zito na blanketi. Ukimkuta mwenzako amezimia, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayatoi sumu hiyo katika damu.

Mnaopiga dawa za wadudu mashambani, dawa hizo hupita hata kwenye ngozi. Kizunguzungu, jasho, mate mengi na mboni za macho kuwa ndogo ni dalili za kwenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Na kila mtu anywe maji. Mkojo wa rangi nzito unakuambia hujanywa ya kutosha.

Iko pia huzuni. Wengi wetu tulikulia ndani ya vita vilivyoanza mwaka 1993, na kichwa kinachokumbuka usiku hakipumziki. Kamenge, jirani yetu, kuna kituo kinachotibu magonjwa ya akili. Watu wanaona haya kuonekana wakiingia. Mimi naona haya hiyo inatugharimu zaidi kuliko dawa.

Kwa kina mama, hasa wa mashamba ya chai kama Teza na Rwegura, ningeuliza kwanza habari ya damu. Damu ikipungua, ubongo nao unapata hewa kidogo. Hedhi na uzazi huipunguza. Malaria huila, na tusisahau kwamba mwaka 2017 serikali ilitangaza malaria kuwa janga nchini. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo za anayetembea bila viatu. Tena hiyo chai tunayoichuma, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na lengalenga. Inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Ndagala na maini yanafaa sana, na embe au limau pamoja na maharagwe huongeza chuma kinachoingia mwilini.

Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, mama wa idara ya kufunga katoni alikatwa mshahara mara tatu kwa kukosea hesabu. Mjumbe wetu alimpeleka zahanati, akapimwa, damu ikaonekana pungufu sana. Baada ya miezi mitatu ya vidonge hesabu zake zilinyooka. Wajumbe, mnapoitwa kujadili mfanyakazi "mzembe", ombeni kwanza apimwe, na andikeni amefanya saa ngapi juma hilo. Fedha alizokatwa yule mama hazijarudishwa. Tunazidai.