Mahali Pema pa Kutia Nanga katika Ziwa Nyasa

Huenda mtu akastaajabu kwamba mazungumzo haya, yanayoelekezwa kwa watu wa milimani, ni habari ya tanga na nanga. Lakini vijito vingi vya Ileje hutelemka mpaka Mto Songwe, na Songwe huyapeleka maji yake Ziwa Nyasa. Na watu nao hufuata njia ya maji. Wako miongoni mwenu wanaoshuka Kyela kwa biashara, na wako wanaoendelea kwa mashua mpaka Matema, Lupingu, Manda, Liuli au Mbamba Bay. Nahodha aijua kazi yake. Walakini hata abiria yampasa ajue kama mahali chombo kinapolala usiku ni pema au pabaya, maana roho yake imo ndani ya chombo kile kile.

Kwanza na tulitazame ziwa lenyewe. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini wapita kilomita 550, upana wake haufiki kilomita 80, na mahali penye kina kikubwa kabisa ni karibu mita 700. Tangu Mei mpaka Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera, nao hulifuata ziwa kwa urefu wake. Basi yafaa tukumbuke kwamba wimbi hukuzwa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na urefu wa maji ambayo upepo hupita juu yake. Wimbi lililoanza dogo huko kusini hufika pande za Kyela likiwa kubwa. Ndiyo sababu mawimbi mazito huweza kupiga ufuko wa Matema hali upepo wa hapo ni mwanana.

Mwaka 1861 David Livingstone na wenzake walipita katika ziwa hili kwa mashua ndogo ya makasia na tanga. Siku moja mawimbi yaliwainukia ghafula, wasiweze kwenda mbele wala kurudi. Kukimbilia pwani kungalikuwa kuivunja mashua, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakipasuka ufukoni kwa nguvu nyingi. Basi walitia nanga kama maili moja kutoka pwani, katika kina cha pima 7, wakangoja huko mpaka hali ikatulia. Livingstone aliona kwamba ziwa hili lastahili kuitwa Ziwa la Tufani. Habari hii yatufunza jambo ambalo wengi hawalidhani: nchi kavu si wokovu sikuzote. Aliye na nanga njema, na sakafu ya maji inayofikika, huweza kusalimika nje kuliko yule akimbiliaye ufuko usio na kinga.

Sasa mahali pema hujulikanaje? Twaona kwamba mwenye chombo yampasa ajiulize maswali manne.

La kwanza: upepo watoka wapi sasa, na usiku utatoka wapi? Kinga hutolewa na rasi, kisiwa au mwamba uliosimama kati ya chombo na upepo. Ghuba iliyo tulivu jioni yaweza kuwa mtego alfajiri, upepo ukigeuka na kuingia kwa mlango wake.

La pili: kina ni kiasi gani? Hapa pana hatari iliyo ya ziwa letu hasa. Milima ya Livingstone yasimama kama ukuta upande wa kaskazini-mashariki, na mgeni akiiona hudhani kwamba chini yake pana maficho mazuri. Lakini mteremko ule hauishi pale maji yanapoanza. Waendelea kushuka chini ya maji vile vile. Hatua chache kutoka mwambani kamba ya nanga yaweza kwisha kabla haijagusa chini, au nanga ikagusa kisha ikateleza kwenda kilindini. Basi mlima mrefu si dalili ya bandari. Kabla ya kutia nanga, chombo kipimwe maji kwa bildi, au kwa kamba yenye jiwe iliyofungwa fundo kila pima moja.

La tatu: sakafu ya maji ni ya nini? Mchanga mgumu na tope zito huishika nanga vema. Mwamba mtupu hauishiki, au huishika hata ising'oke tena. Majani ya majini huidanganya, maana nanga huyakamata majani badala ya ardhi. Penye midomo ya mito, kama Songwe, Kiwira na Mbaka, tope ni jingi, lakini mito hiyo huleta mchanga na magogo wakati wa mvua, na mafungu hubadilika. Songwe wenyewe umekuwa ukihamahama mkondo wake karibu na ziwa. Njia iliyopitika mwaka jana isiaminiwe mwaka huu kabla ya kuwauliza wavuvi wa hapo.

La nne: nitatokaje? Chombo kilichotiwa nanga huzunguka kila upepo unapogeuka, nacho chahitaji nafasi pande zote. Tena mlango wa ghuba uwe wa kuonekana na kupitika hata usiku.

Kwa maswali haya twaweza kufahamu kwa nini mahali pengine pana sifa ya zamani. Wadachi walipotawala waliichagua Liuli, wakaiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali la hapo lifananalo na sanamu ya Misri. Humo ndimo meli yao Hermann von Wissmann ilimokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, Agosti 1914, Waingereza walipoijia kwa meli Gwendolen na kuipiga mizinga. Mbamba Bay nayo ni ghuba yenye vilima, na ng'ambo, katika Malawi, Nkhata Bay husifiwa kwa utulivu wake. Pwani ya bahari, kama Msasani huko Dar es Salaam, vyombo vya matembezi hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa tayari. Lakini bandari zetu za ziwani zimejengwa kwa ajili ya meli za abiria na shehena. Mwenye mashua ndogo sharti aitegemee nanga yake mwenyewe.

Na nanga hutiwa hivi. Chombo kielekezwe upepo unakotoka, tanga lituliwe, na nanga ishushwe taratibu, isitupwe. Kisha chombo kiachwe kirudi nyuma huku kamba ikitolewa mara 5 ya kina, na mara 7 upepo ukiwa mkali. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Kamba ndefu huilaza na kuizamisha ardhini. Baadaye chagua alama mbili pwani zilizo katika mstari mmoja, kama mti na nyumba. Zikiachana, na chombo hakikuzunguka, fahamu kwamba nanga inakokotwa. Hapo usilale.

Neno la mwisho ni la huzuni. Tarehe 30 Julai 1946, katika majira ya mwera, meli Vipya ilizama karibu na Chilumba, upande wa magharibi wa ziwa, na watu 145 wakafa. Ilikuwa meli ya chuma, tena mpya, katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Basi tusidhani kwamba ukubwa wa chombo huondoa haja ya busara. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini katika Ziwa Nyasa hata dau la mwenye nguvu lina siku zisizofaa kwenda joshi. Siku hizo nahodha akisema, "Leo twalala hapa," abiria asinung'unike kwa sababu ya mzigo wake au soko lake. Soko litakuwapo kesho.