Sekunde Kumi za Sauti: Jinsi Wimbo Unavyojengwa kwa Vipande

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu Systems ya California, Marekani, ilitoa mashine ya muziki iitwayo SP-1200. Mashine hiyo haina nyuzi wala ngozi iliyowambwa. Kazi yake ni kunasa sauti yoyote, iwe pigo la ngoma au kipande cha santuri, kuigeuza kuwa namba, kuihifadhi, na kuitoa tena kila kibonyezo kinapoguswa. Mashine za namna hii huitwa sampla. Kumbukumbu ya SP-1200 ilitosha sekunde 10 tu za sauti, na kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Hata hivyo, vijana wa New York walitunga kwa mashine hiyo nyimbo za dakika tatu na nne, ambazo nyingi zingali zikisikilizwa. Waliwezaje?

Yafaa kwanza kueleza ufinyu huo ulitokana na nini. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa volteji inayopanda na kushuka. SP-1200 huipima volteji hiyo mara 26,040 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 12, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya 4,096. Kanuni ya upimaji yasema kwamba mtetemo haunaswi sawasawa isipokuwa upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Kwa hiyo mitetemo inayozidi 13,020 kwa sekunde hupotea, ilhali sikio la kijana husikia hadi karibu 20,000. Hata kwa upimaji huo hafifu, sekunde 10 ni vipimo 260,400. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 ungehitaji karibu vipimo milioni 5, na chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali mno siku hizo.

Lakini mpangilio haukuhitaji nafasi kubwa. Pigo la ngoma likishanaswa mara moja, kulirudia mara mia hakuhitaji sauti mpya; mashine huandika tu kwamba kibonyezo fulani kiguswe wakati fulani, kwa nguvu kiasi fulani. Orodha fupi ya maagizo kama hayo ndiyo mfuatano. Mtunzi akiinakili na kufuta pigo moja, amepata mfuatano wa pili karibu bila gharama. Hivyo ustadi wote ulisukumwa upande wa mpangilio.

Tuchukue mwendo wa mapigo 90 kwa dakika. Mfuatano wa mapigo 8 huchukua sekunde 5 na theluthi moja. Ukirudiwa mara 36, umetimia wimbo wa dakika 3 na sekunde 12. Mtunzi huiambia mashine: mfuatano wa kwanza mara 2, ngoma peke yake, wa pili mara 8, besi ikiingia chini ya ubeti, wa tatu, wenye kipande cha tarumbeta, mara 4 kwa kiitikio, kisha ubeti mara 8 na kiitikio mara 4, mfuatano usio na ngoma mara 2, kiitikio mara 4, na wa kumalizia mara 4. Mistari minane tu, na wimbo umekamilika.

Umekamilika katika karatasi, bali si katika sikio. Ubeti usiobadilika mara 8 huchosha upesi, maana msikilizaji hujua pigo lijalo kabla halijafika. Watunzi hodari waligundua kwamba dawa ilikuwa kuondoa. Katika marudio ya nane ngoma hunyamaza kwa pigo moja kabla ya kiitikio, na kimya hicho kifupi hutangaza jambo kuliko tarumbeta yoyote. Njia nyingine ni kupishanisha marefu. Mwalimu aweza kuionyesha darasani bila mashine: wote wahesabu kwa mwendo mmoja, kundi moja lipige makofi kila baada ya hesabu 8, kundi la pili kila baada ya 6. Wakianza pamoja katika hesabu ya 1, watakutana tena katika ya 25 na ya 49, kwa kuwa kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Sikio hupata kitu kipya kati ya makutano hayo, ingawa hakuna aliyepiga ila kofi.

Sekunde 2.5 kwa kipande zilikuwa na taabu yake. Kwa mwendo uleule wa 90, mapigo manne huchukua sekunde 2.67, kipande cha santuri chenye mapigo manne kilikatika mwishoni. Mafundi waliicheza santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa mwendo wa mizunguko 45. Ikaenda mbio mara 1.35, wakainasa, kisha wakaiamuru mashine iitoe polepole. Sekunde 3.375 za muziki zikaenea ndani ya sekunde 2.5. Malipo yake yalikuwa kupotea kwa mitetemo inayozidi takriban 9,600 kwa sekunde, pamoja na mkwaruzo wa kichuma, kwani mashine ilishusha sauti bila kulainisha mapengo kati ya vipimo. Ajabu ni kwamba wasikilizaji waliupenda mkwaruzo huo, na leo zipo programu za kompyuta zilizoundwa mahsusi kuuiga.

Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn. Hii iligawa kila pigo sehemu 96. Kwa mwendo wa 90, sehemu moja ni karibu milisekunde 7. Iliweza pia kuchelewesha kidogo kila robo-pigo ya pili, kutoka sehemu ya 24 hadi, tuseme, ya 32. Ucheleweshaji huo wa milisekunde 56 watosha kuufanya mwendo mkavu wa mashine uyumbe kama mtu achezaye.

Sauti zenyewe zilitoka kwa watu. Moja ya zilizonaswa mara nyingi zaidi ni mapigo machache ya Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa bendi ya James Brown, aliyoyapiga mwaka 1969 huko Cincinnati katika wimbo uitwao "Funky Drummer". Mwaka 1991 mahakama ya shirikisho huko New York iliamua, katika shauri la wimbo mwingine, kwamba kutumia kipande bila idhini ni kuvunja haki ya mwenyewe. Tangu hapo idhini huombwa na kulipiwa, lakini malipo humwendea mwenye utungo na mwenye rekodi. Stubblefield hakuandikwa kuwa mtunzi. Alifariki mwaka 2017, mapigo yake yakiwa yamepangwa upya katika nyimbo zisizohesabika, bila mrabaha wa utunzi hata mmoja.