Asiyeamini Anapobisha Hodi Kanisani
Sehemu ya Tatu: Msimkimbizie Maikrofoni

Mwishoni mwa Mei 2021, Chama cha Wakanamungu nchini Kenya kilitoa taarifa fupi iliyowachekesha wengi na kuwafurahisha wengine. Katibu wake, Seth Mahiga, alikuwa amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ni kwamba amempata Yesu Kristo na hana tena hamu ya kuueneza ukanamungu. Chama kilimtakia heri katika uhusiano wake mpya na Mungu, kisha kikatangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi. Haikuchukua muda habari hiyo ikafika magazeti ya ng'ambo.

Yaliyomo moyoni mwa Mahiga ni yake na Mungu wake. Kinachonishughulisha ni jinsi Wakristo wengi walivyoipokea habari ile, kama bao la dakika ya tisini dhidi ya watani wa jadi. Walishangilia sana. Wachache mno waliuliza mtu kama huyo atakaa na nani Jumatatu, atasoma nini, na yale maswali aliyokuwa akiyauliza hadharani sasa atayapeleka wapi.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza ukanamungu ni nini na ulivyojitokeza mijini mwetu. Leo namgeukia mtu mmoja tu: yule asiyeamini, lakini angependa kuamini. Yupo. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini, yaani asilimia 1.6, na hesabu hiyo haimtenganishi aliyekata shauri kwamba hakuna Mungu na yule aliyechoka tu. Ukiishi Umoja, Kayole, Buruburu au Dandora, huku Eastlands ya Nairobi, huenda ni jirani yako, na huenda ni mtoto wako aliyefanya vizuri katika masomo ya katekisimu akiwa na miaka kumi na miwili.

Mtu huyu hana shida ya kulisikia jina la Yesu. Eastlands ina mitaa yake ya Jerusalem na Jericho, na kwenye mitaa mingine kuna kanisa la mabati kila baada ya maduka machache, vipaza sauti vikishindana hadi kesha la Ijumaa liishe. Shida yake ni kwamba amesikia mengi mno kutoka mbali, na hajakaa karibu na mtu mmoja ambaye imani yake anaweza kuichunguza bila haraka.

Kuna mzigo mwingine ambao mkanamungu wa Ulaya haubebi. Marehemu John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na msomi wetu mkubwa wa dini za Kiafrika, alifundisha katika kitabu chake cha 1969 kwamba Mwafrika na dini yake hawatengani, kwamba mtu huzaliwa ndani ya imani ya jamii yake. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga yeye na wenzake kwa ukali, akisema wanaivalisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili Wazungu waitambue. Kwa maoni yangu, katika hoja hiyo moja p'Bitek alikuwa na jicho kali zaidi. Ila mtaani ni Mbiti anayetawala. Kijana akisema haamini, nyumbani hawasikii hoja ya kifalsafa. Wanasikia kwamba amewakana wazazi na ukoo. Basi anapotaka kurudi, anarudi pia kwa aibu, na aibu humfanya mtu akubali haraka mambo ambayo bado hajayaamini.

Hapo ndipo maikrofoni inapomdhuru. Makanisa yetu mengi yanapenda ushuhuda, na aliyekuwa mkanamungu ana ushuhuda mtamu kuliko hata wa jambazi. Anasimamishwa Jumapili ya kwanza au ya pili, anaulizwa Bwana amemtoa wapi, watu wanapiga vigelegele. Shaka ikimrudia katikati ya wiki (na lazima itarudi), hana pa kuipeleka, kwa kuwa amekwisha kutangazwa kuwa mshindi. Anajifunza kuigiza. Nimeona walioigiza hivyo wakiondoka wakiwa na hasira kuliko walivyokuja, na sikuweza kuwalaumu.

Kanisa la karne za mwanzo halikuwa na pupa hiyo. Mtu mzima aliyeomba ubatizo angeweza kufundishwa hata miaka mitatu, huku maisha yake yakitazamwa na waliomleta. Kanisa Katoliki lilirejesha hatua hizo za ukatekumeni wa watu wazima mwaka 1972, na ndiyo maana mtu mzima leo huandaliwa polepole hadi mkesha wa Pasaka. Sipigii debe dhehebu lolote. Mlokole wa kweli naye anajua kitu cha namna hiyo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulifika kwetu na desturi ya watu kukutana mara kwa mara na kusema ukweli juu ya maisha yao, pamoja na dhambi za jana na kutoelewana kwa leo asubuhi. Siku ya kuokoka ilikumbukwa, naam, lakini ni ule ushirika uliomlea mtu.

Nikiwa mkweli, kuna kisa kinachonipinga. Charles de Foucauld alikuwa mwanajeshi Mfaransa aliyepoteza imani akiwa kijana na kuishi anasa. Mwaka 1883 alisafiri Morocco kwa kujificha, na huko akatikiswa na Waislamu waliosali kana kwamba Mungu yuko mbele yao kweli. Aliporudi Paris alizoea kuingia makanisani na kumwomba Mungu kwamba, ikiwa yupo, ajioneshe. Oktoba 1886 alimwendea padri mmoja, Huvelin, akitaka masomo juu ya dini. Padri hakumpa somo. Alimwambia apige magoti, aungame, kisha akamtuma kwenye komunyo papo hapo. Foucauld aliuawa Algeria mwaka 1916, na mwaka 2022 alitangazwa mtakatifu.

Kwa hiyo haraka yaweza kufaa? Kwa Huvelin ilifaa. Lakini tazama mazingira yake: watu wawili, faragha, na padri aliyekuwa tayari kumwongoza mtu huyo kwa miaka iliyofuata. Hakukuwa na umati wa kumshangilia. Na kabla ya hapo Foucauld alikuwa amejiombea mwenyewe, peke yake, sala ya mtu asiye na uhakika. Kuhusu Morocco nina jambo la kuwaambia Wakristo wa Pumwani na Eastleigh: msishangae ikiwa aliyemwamsha kijana wenu ni jirani Mwislamu anayefunga duka ili akasali. Mshukuruni jirani huyo, wala msimgeuze kuwa mada ya mabishano.

Sasa, wewe unayetaka kumsaidia mtu wa aina hii utafanya nini? Kwanza tenganisha maswali. Kuwapo kwa Mungu ni swali moja. Yesu ni nani ni swali lingine. Ikiwa mchungaji wa kanisa la kona anastahili kuaminiwa ni la tatu, na hilo la mwisho ndilo mara nyingi limeyafunika mawili ya kwanza. C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford aliyekuwa mkanamungu, alieleza kwamba alikubali kuna Mungu mwaka 1929. Kumkubali Kristo kulingoja hadi 1931, baada ya maongezi ya usiku na marafiki zake, mmoja wao J. R. R. Tolkien. Kama msomi yule aliyekaa katikati ya vitabu alihitaji miaka miwili kuvuka kutoka swali moja hadi jingine, fundi wa Kariobangi anayesoma kwenye simu ndani ya matatu asidaiwe jibu kufikia mwisho wa mwezi.

Kusoma kuanzie Injili ya Marko. Ni fupi, sura 16, na haijapambwa. Humo, katika sura ya tisa, yumo baba mwenye mwana mgonjwa anayemwambia Yesu mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba anaamini, na kwamba asaidiwe kwa kuwa haamini. Yesu hakumfukuza arudi akishapata uhakika. Alimponya mtoto. Asiyeamini anaweza kuianza sala yake pale pale, kwa sharti la "ikiwa upo," na asiambiwe na yeyote kwamba sala hiyo ni kufuru.

Halafu mpeleke mahali padogo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1970, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na leo hizo hukutana sebuleni, watu kumi au ishirini, Injili ikisomwa kisha yakafuata mazungumzo ya nani amelazwa, nani hajalipa kodi ya nyumba, nani ana matanga. Waprotestanti wana vikundi vyao vya nyumbani vya namna hiyo. Si mbinguni: kuna umbeya, na michango haiishi. Hata hivyo mwenye shaka anaona pale kitu ambacho mahubiri hayawezi kumwonesha, mama mwenye kidogo akimchangia asiye na kitu, bila kamera. Akae, anywe chai, asiombwe kufunga kwa sala.

Na majeraha yake? Hapa wasaidizi wengi huteleza. Atakuuliza kuhusu Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa kwamba kufa njaa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Usimkatize kwa kusema hao hawakuwa Wakristo. Walikuwa wakiimba nyimbo zetu na kushika Biblia yetu. Mweleze dalili za kukimbia: kiongozi anayekataza hospitali, anayekataza shule, anayekataza maswali, anayetaka uuze ulicho nacho. Atakuuliza kuhusu fedha za wanasiasa madhabahuni. Mwambie yaliyotokea hapa hapa Soweto, Kayole, Novemba 2024, Rais alipotoa mamilioni katika kanisa Katoliki na Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba zitarudishwa. Sidhani kuna mahubiri ya mwaka ule yaliyomgusa kijana mwenye shaka kuliko tangazo lile.

Wala kusikiliza lawama si jambo geni kwa kanisa. Machi 1970, hapa Nairobi, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) lilimwalika mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye mkutano wake mkuu, naye akaanza kwa kusema kwamba si mtu wa kanisa na wala si Mkristo, kisha akawaeleza uhusiano wa umisionari na ukoloni. Baadhi walikasirika, lakini walikuwa wamempa jukwaa. Kama wazee wale waliweza, kikundi chako cha vijana cha Buruburu kinaweza kumvumilia mwanafunzi aliyesoma vitabu vinne.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye kimya siku saba, na kwa hilo walifanya vyema. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kumtetea Mungu, na mwisho wa kitabu ni wao waliokemewa, si Ayubu aliyelalamika. Kitabu hicho ndicho tutakachokifungua juma lijalo, kwa kuwa swali linalobaki mezani baada ya mengine yote kujibiwa ni lile la mama aliyemzika mtoto, akauliza Mungu alikuwa wapi.